Upepo si ajali: uliza gia kabla ya kuuliza kioo



Leo sitaongelea mbegu wala viwavijeshi. Nataka tuongee kuhusu madishi ya jua, yale yanayong'aa ambayo yanaletwa vijijini kwa ajili ya kupikia, kuchemshia karanga, kuyeyushia nta ya nyuki na kazi nyingine za vikundi. Na katika dishi lenyewe nataka tushike kitu kimoja tu, kile ambacho muuzaji hakitaji: gia inayoligeuza dishi lifuate jua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda kuutafuta. Dishi linalojigeuza kwa mota, ambalo gia yake haiwezi kujifunga upepo unapolisukuma, lisinunuliwe. Lisinunuliwe kwa bei ya punguzo, lisinunuliwe kwa mkopo, na hata likija kwa msaada likataliwe. Anayekuuzia dishi hilo anakuuzia chuma chakavu ambacho bado hakijaanguka. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya watu, wakiwemo wenzangu tunaokaa nao ofisi moja. Acha yawaudhi.

SAINI NI YANGU

Kikundi cha akina mama kumi na wawili, katika kijiji ninachokihudumia hapa Singida, kilinunua dishi la namna hiyo. Walikuwa wanakaanga maandazi na kuchemsha karanga za kuuza gulioni, na kuni zilikuwa zinakula faida yote. Muuzaji alikuja na picha nzuri kwenye simu. Akaeleza kioo, akaeleza mota, akaeleza paneli ndogo ya kuendeshea mota. Kikundi kikaniomba nikaangalie. Nilikwenda. Nilitazama kioo nikaona sura yangu. Mota iliwashwa nikaona dishi linageuka. Nikasaini barua ya kupendekeza, wakaenda nayo kuombea mkopo.

Kiboksi cha gia sikukifungua. Sikujua hata kama natakiwa kukifungua.

Dishi lilifanya kazi vizuri wiki kadhaa. Ukafika mwezi wa nane, na mtu wa Singida hahitaji kuelezwa upepo wa mwezi wa nane. Mchana mmoja upepo ulilipiga kwa nyuma, likatikisika mara mbili tatu, kisha likaachia. Liligeuka lenyewe kama mlango usio na komeo, likaenda kugonga nguzo yake. Sufuria la karanga likamwagika lote. Mama aliyekuwa zamu alikuwa amekwenda kuchota maji. Angekuwa pale, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Tulipofungua kiboksi tulikuta gia ya plastiki imenyolewa meno upande mmoja, na vipande vya meno vimelala kwenye grisi. Kioo kilikuwa kimepinda. Nilimpigia muuzaji. Akajibu kwamba upepo ni kazi ya Mungu na dhamana yake haihusu upepo. Mama mwenyekiti hakugombana na mtu. Aliniangalia tu akasema, "Bwana shamba, sisi vyuma hatuvijui. Ndiyo maana tulikuita wewe."

Mkopo unaendelea kurejeshwa kila mwezi. Kuni zimerudi jikoni. Dishi limeegeshwa nyuma ya ghala, kuku wanalala chini yake.

Dhamana isiyohusu upepo, kwa kitu kinachokaa nje mwaka mzima kimekunjua kifua, ni sawa na kuuza mtumbwi wenye dhamana isiyohusu maji. Upepo wa Singida hauji kwa bahati mbaya. Unakuja kila mwaka, kila mtu anaujua, na upo Makambako na sehemu nyingi za nyanda zetu za kati. Kinachojulikana kwamba kitakuja hakiitwi ajali.

KUGEUZA NI KAZI NDOGO, KUSHIKA NDIYO KAZI

Baada ya aibu ile nilikaa chini kujifunza. Mimi si injinia, nina stashahada ya kilimo. Lakini hesabu yenyewe haihitaji injinia.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Kwa hiyo jua huonekana kutembea digrii 15 kila saa, yaani digrii 1 kila dakika 4. Huo ni nusu ya mwendo wa ule mshale mfupi wa saa ya ukutani. Dishi lililosawazishwa vizuri juu ya mhimili wake, mtoto wa darasa la pili analigeuza kwa mkono mmoja. Muuzaji akijisifu kwamba mota yake ina nguvu sana, anajisifia kitu ambacho dishi halikihitaji.

Sasa geuza swali. Dishi likishaelekezwa kwenye jua, ni nani analizuia lisigeuzwe na upepo? Ni gia peke yake. Mota ikizimwa haishiki kitu. Kwa siku nzima gia inageuza dishi kwa dakika chache tu, muda wote uliobaki inalishika. Kama tungekuwa tunavipa vitu majina ya kazi zake, gia ya dishi tungeiita breki.

Angalia ukubwa wa kazi hiyo. Dishi la kipenyo cha mita 1.4 lina eneo la takriban mita za mraba 1.5. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga uso kwa uso hulisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 12. Upepo ukiongezeka mara mbili ukafika kilomita 72 kwa saa, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne, karibu kilo 48. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanalijaribu dishi siku ya upepo wa wastani, wanaona limetulia, wanadhani siku ya upepo mkali itakuwa ni kuzidisha kidogo tu.

Na upepo haupigi katikati kila mara. Unapiga ukingo mmoja zaidi ya mwingine. Tuseme nguvu ile ya kilo 48 imeangukia sentimita 20 nje ya mhimili. Kama gia iliyofungwa kwenye mhimili ina nusu kipenyo cha sentimita 4, meno yake yanabeba kilo 240. Meno ya plastiki, au ya chuma laini kilichomiminwa, hayabebi mzigo huo. Lakini nguvu hiyohiyo ukiishikia kwenye gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, meno yanabeba kilo 32 tu. Upepo ni uleule, dishi ni lilelile. Kilichobadilika ni umbali wa mahali unapoushikia.

Mkulima analijua jambo hili bila kufundishwa. Hakuna anayezuia lango la zizi kwa kushika karibu na bawaba. Unalishika ukingoni. Sasa kwa nini tunakubali kuuziwa dishi linaloshikwa kwenye bawaba?

Fundi mmoja wa baiskeli, mzee ninayemheshimu, alipoiona ile gia iliyonyolewa aliiweka kwenye kiganja akacheka. "Bwana shamba, ng'ombe mmemfunga kwa uzi wa kushonea, halafu mnamlaumu ng'ombe." Hakusema zaidi ya hapo, na hakukuwa na haja.

AINA ZA GIA UTAKAZOKUTANA NAZO

Kwanza ni gia za meno za kawaida, gurudumu dogo linazungusha gurudumu kubwa. Ni rahisi na hazipotezi nguvu, lakini zina tabia moja: zinavyozungushwa na mota ndivyo zinavyoweza kuzungushwa na dishi. Upepo ukisukuma dishi, mwendo unarudi nyuma hadi kwenye mota. Hazijifungi. Zikitumika peke yake bila breki, kataa.

Pili ni gia za pete, zile zilizo ndani ya mota nyembamba ndefu, ambapo gia ndogo tatu au nne huzunguka ndani ya pete yenye meno. Ni imara kwa udogo wake, lakini nazo kwa kawaida hurudi nyuma zikisukumwa. Muuzaji ataziita za kisasa. Usasa wake haushiki dishi.

Tatu ni gia ya skrubu. Hapa mota inazungusha kipande kama skrubu, na skrubu inasukuma gurudumu lenye meno kando yake. Skrubu ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja tu. Kama gurudumu lina meno 60, skrubu lazima izunguke mara 60 ili gurudumu limalize mzunguko mmoja. Uzuri wake ni kwamba skrubu inaweza kusukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kusukuma skrubu. Inajifunga. Jihadhari na jambo moja: inajifunga ikiwa skrubu ina njia moja na mteremko wake ni mdogo. Zipo skrubu zenye njia mbili, tatu au zaidi, ambazo mteremko wake ni mkali, hizo huweza kurudi nyuma. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa "ni ya skrubu". Ijaribu.

Nne ni jeki ya umeme, ile inayorefuka na kufupika, iliyokuwa ikigeuza madishi makubwa ya televisheni. Ndani yake kuna skrubu ndefu, na nyingi hujifunga vizuri. Tatizo lake ni urefu wa safari. Saa 8 za kazi ni digrii 120, na jeki moja hufanya vizuri kama digrii 90 hivi. Ikifika mwisho inasukuma kwa pembe mbaya na kushika kwake kunapungua. Kwa kazi ya saa 6 za katikati ya mchana inafaa sana. Kwa siku nzima, fikiri mara mbili.

Namna ya kujaribu ni rahisi na haigharimu kitu. Ondoa umeme kwenye mota. Simama pembeni ya dishi, si mbele yake, na kioo kikiwa kimefunikwa turubai au blanketi. Shika ukingo, sukuma kwa nguvu zako zote, kisha vuta. Dishi likianza kusogea polepole, au ukasikia mota inazunguka, funga mazungumzo hapohapo. Gia isiyoushinda mkono wako haitaushinda upepo wa mwezi wa nane.

MAJIBU YA WAUZAJI, NA MAJIBU YANGU

"Gia ya skrubu inakula nguvu nyingi." Ni kweli, skrubu hupoteza nguvu nyingi kwa msuguano, mara nyingine zaidi ya nusu. Lakini nusu ya nini? Mota inafanya kazi sekunde chache katika kila dakika 4. Unapoteza tone moja la umeme ili usipoteze dishi zima. Huo msuguano wanaoulaumu ndio unaolishika dishi. Ndiyo kazi yake.

"Gia hizihizi zinageuza paneli za umeme miaka na miaka." Labda. Lakini paneli si dishi. Paneli ikikosea kuelekea jua kwa digrii 10, inapoteza chini ya asilimia 2 ya mwanga. Gia yake inaweza kucheza na mwenye nayo asijue. Dishi likikosea kwa digrii 10, sufuria linapoteza mwanga mwingi, na ule mwanga mkali unaangukia mahali pengine: kwenye nguzo, kwenye mpira wa gesi, kwenye makuti ya banda, kwenye mgongo wa mtu. Na kwa mwenye paneli za pampu ya maji nasema hivi: mara nyingi ni afadhali kuongeza paneli moja au mbili zilizofungwa imara kuliko kununua mtambo wa kuzigeuza. Paneli iliyotulia haina meno ya kukatika.

"Dishi letu lina macho, linalitafuta jua lenyewe." Macho hayo ni vipande viwili vya kupima mwanga. Wingu likipita yanahangaika, vumbi likiyafunika yanakosea, na kila yanapohangaika gia inakwenda mbele na nyuma bila sababu, meno yanalika. Jua halipotei njia. Linakwenda digrii 15 kwa saa leo, kesho na mwaka kesho. Saa inayowasha mota kwa kipimo inatosha.

"Hili lina mota mbili, linafuata jua pande zote." Mota mbili ni gia mbili za kuharibika. Jua hubadilisha njia yake kutoka kaskazini mwezi wa sita kwenda kusini mwezi wa kumi na mbili, lakini kwa siku moja mabadiliko hayo hayafiki hata nusu digrii. Hilo ni jambo la kurekebisha kwa mkono kila baada ya siku chache, kwa kulegeza nati na kuikaza tena. Mota moja inatosha, mradi mhimili umelazwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na ncha ya kusini imeinuliwa kulingana na mahali ulipo. Kwa kila mita 1 ya urefu wa mhimili, inua ncha ya kusini kama sentimita 4 ukiwa Mwanza, 8 ukiwa Singida mjini, 11 ukiwa Dodoma, na 16 ukiwa Mbeya. Muuzaji asiyejua hesabu hii amekuja na dishi lililofungwa kwa ajili ya nchi nyingine.

"Ukitaka gia imara, bei itapanda." Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu si kweli, na ushahidi uko kila kijiji.

GURUDUMU LA BAISKELI

Nimesema siri ni kushikia mbali na mhimili. Rimu ya baiskeli kubwa ina nusu kipenyo cha takriban sentimita 31. Ifunge imara kwenye mhimili wa dishi, zungusha mnyororo wa baiskeli juu yake, na mnyororo uvutwe na gia ndogo ya meno 18. Mnyororo huo una nafasi ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo gia ya meno 18 ikizunguka mara moja inavuta sentimita 23 hivi, wakati mzunguko wa rimu ni kama sentimita 195. Hapo umepata upungufu wa mwendo wa mara 8 na nusu, na meno yako yanabeba kilo 32 badala ya 240. Mnyororo wa baiskeli unabeba mtu mzima anayesimama juu ya pedali akipanda mlima na gunia nyuma. Kilo 32 ni mchezo kwake.

Nyuma ya gia hiyo ndogo weka kiboksi cha gia ya skrubu cha 60 kwa 1, na nyuma yake mota ya waipa ya gari. Chukua mota inayozunguka mara 45 kwa dakika. Ukipitisha mwendo huo kwenye skrubu ya 60, kisha kwenye rimu ya 8 na nusu, dishi linasogea digrii 1 kwa sekunde 2 hivi. Kwa hiyo saa ya kuwashia iwashe mota sekunde 2, izime, isubiri dakika 4, iwashe tena. Ndiyo hesabu nzima.

Mitego iko minne, na yote nimeiona kwa macho.

Wa kwanza ni friwili. Gia ya nyuma ya baiskeli huzunguka bure upande mmoja. Ukiifunga kama ilivyo, upepo wa upande mmoja utashikwa na wa upande wa pili utaachiwa. Lazima friwili ichomelewe isizunguke bure, au utumie gia isiyo na friwili.

Wa pili ni kucheza. Hata gia nzuri ina nafasi ndogo kati ya meno. Shika ukingo wa dishi sentimita 70 kutoka kwenye mhimili, utikise. Kila sentimita 1.2 ya kucheza hapo ni digrii 1. Kwa dishi la sufuria, lisizidi hapo. Kwa dishi kubwa linalotupa mwanga mita 3 hadi kwenye tanuri, digrii 1 inahamisha mwanga sentimita 5, kwa hiyo taka nusu ya hapo au chini. Dawa yake ni rahisi: funga mfuko wa mawe kwa kamba upande mmoja wa rimu ili uvute wakati wote kuelekea upande mmoja. Meno yataegemea upande huohuo siku nzima.

Wa tatu ni vumbi. Grisi iliyo wazi pamoja na vumbi la kiangazi ni msasa. Kiboksi cha skrubu kifungwe kabisa, na mnyororo ufunikwe kwa bati au kipande cha dumu. Mnyororo upakwe mafuta mepesi kidogo na kufutwa, usizamishwe kwenye grisi.

Wa nne ni mwisho wa safari. Mota ikipita kwenye skrubu na rimu inakuwa na nguvu ya kuvunja chochote, pamoja na yenyewe. Weka swichi ya kuzima mota mwanzoni na mwishoni mwa njia. Bila swichi hizo, siku saa ya kuwashia itakapokwama, gia itajimaliza bila msaada wa upepo.

Na juu ya yote hayo, weka pini ya chuma. Mtikisiko wa muda mrefu unaweza kuifanya hata skrubu isogee kidogo kidogo. Jioni, au upepo ukichafuka, dishi lilazwe kwa namna upepo usivyoliingia kifuani, pini ichomekwe kwenye tundu, kioo kifunikwe. Gia ni ya kushika dishi kazini. Dhoruba ishikwe na pini.

Haya si mambo mapya wala si ubunifu wangu. Dishi la kwanza la Wolfgang Scheffler lililofanya kazi vizuri lilijengwa mwaka 1986 kaskazini mwa Kenya, kwa majirani zetu hapo, katika kituo cha misheni. Madishi ya aina yake yaliundwa ili yaweze kutengenezwa katika karakana ya kawaida ya kuchomelea, yakazungushwa na saa ya mitambo inayovutwa kwa uzito. Leo yapo katika majiko makubwa ya India. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kitu rahisi kinachorekebishika kijijini ni kitu cha kishamba. Kitu cha kishamba ni kile ambacho jino likikatika unasubiri kontena.

JE, UNAIHITAJI HATA HIYO MOTA?

Hapa nitawaudhi na wale wanaokubaliana nami. Kama dishi lako ni la kipenyo cha mita 1.4 na kuna mtu anakaa jikoni muda wote, huhitaji mota kabisa. Kwa dakika 20 jua linasogea digrii 5. Mpishi analisogeza dishi kwa mkono, anakaza nati ya kipepeo, anaendelea na kazi. Kinachotakiwa hapo ni breki nzuri ya kukaza kwa mkono, basi. Wale akina mama kumi na wawili walikuwa na mtu wa zamu kila siku. Hawakuihitaji mota niliyowapendekezea. Walilipia mota, paneli, betri na gia ili kuokoa kazi ya dakika moja kila dakika 20, na gia hiyo ndiyo iliyowaangusha.

Mota ina maana pale dishi ni kubwa, au kazi ni ya saa nyingi na mtu yuko shambani. Hapo ndipo uihitaji, na hapo ndipo uwe mkali.

KABLA HUJALIPA

Mwulize muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye karatasi ya mauziano:

1. Gia inajifunga yenyewe? Tuijaribu hapa, umeme ukiwa umezimwa.
2. Meno ni ya nini: chuma, shaba au plastiki? Fungua kiboksi tuone.
3. Gurudumu la mwisho, lile lililo kwenye mhimili, lina ukubwa gani? Likiwa dogo kuliko sahani ya kulia chakula, shuku.
4. Dishi linacheza kiasi gani ukingoni?
5. Swichi za mwisho wa safari ziko wapi? Pini ya upepo iko wapi?
6. Jino likikatika, fundi wa wilayani kwetu anaweza kulitengeneza?
7. Dhamana inahusu upepo? Upepo wa kasi gani?

Akikwepa swali la saba, umepata jibu la yote sita.

KWA WENZANGU WA OFISINI

Sisi maafisa tuna ugonjwa wa kuhesabu. Taarifa ya robo mwaka inauliza vikundi vingapi vimepata teknolojia, haiulizi vingapi bado vinaitumia baada ya mwaka. Kwa hiyo tunasaini, tunapiga picha na kikundi kikiwa kimesimama mbele ya kioo, tunaondoka. Picha ya dishi lile ipo kwenye taarifa yangu mpaka leo, limehesabiwa kama mafanikio. Nimeandika marekebisho kwa mkono wangu, kwamba dishi halifanyi kazi na kwamba nilipendekeza bila kukagua. Sijui yatapokelewaje. Lakini sitasaini tena barua ya dishi ambalo kiboksi chake cha gia sijakifungua, na nawaomba mfanye hivyohivyo. Afisa asiyejua kukifungua aende kwa fundi baiskeli, kama nilivyokwenda mimi, avue kofia ya ubwana shamba mlangoni.

Kuhusu kikundi chetu: mzee fundi amekubali kutufungia rimu na breki ya mkono, bila mota. Kioo kimenyooshwa kiasi kinachowezekana. Gharama ya rimu, mnyororo na kuchomelea nitaitoa mimi, maana saini ilikuwa yangu. Mama mwenyekiti hajasema kwamba amenisamehe. Amesema tu kwamba nije siku ya kulijaribu, nije kukiwa na upepo.

Nitakwenda. Tukutane tena wiki ijayo kwenye mambo ya maghala, na kwa mwenye dishi linalocheza, usisubiri mwezi wa nane.